Nilimsemea Mwanangu

Nimeungama makosa mengi kuliko mtu yeyote ninayemjua. Nimeiba ng'ombe, nimeghushi hati za mashamba, nimemvunja jirani taya kwa ajili ya mpaka wa ua, nimeoa mke wa tatu bila kuwaambia wawili wa kwanza. Yote hayo nimeyasema kwa sauti yangu mwenyewe, nimesimama wima mbele ya hakimu, kwa miaka ishirini na sita. Mimi ni mkalimani wa mahakama. Mshtakiwa asiyejua lugha ya mahakama anasema lake kwa lugha ya mama yangu, na mimi nalisema upya kama lilivyotoka kinywani mwake. Wageni wakiingia mara ya kwanza hucheka kumwona mama mtu mzima, miwani puani, akiapa kwamba hakumpa mimba binti wa watu. Wakishazoea hawanioni tena, na kazi yenyewe inataka hivyo.

Naeleza haya ili usinione nimerukwa na akili kwa nilichofanya. Kwa mshauri nilikwenda na mdomo ule ule wa kazini.

Mwanangu ana miaka ishirini na tisa. Amerithi jina la baba yangu mzazi, kwa hiyo tangu ananyonya namwita Baba. Alikuwa mchora ramani katika ofisi ya upimaji, na viwanja vya nusu ya mji huu vimepita chini ya kalamu yake. Jumanne moja alirudi nyumbani saa nne asubuhi, akavua viatu, akaingia chumba cha nyuma, akalala. Nilimuuliza kama amefukuzwa kazi, akasema hapana. Umegombana na mtu? Hapana. Ni mapenzi? Akatabasamu kidogo, akasema laiti. Hakuna kilichotokea, na hilo ndilo lililoniumiza kichwa, maana mimi nimezoea kila jambo liwe na tarehe na shahidi.

Alikaa mle miezi kumi na moja. Alitoka kwenda msalani, na kuoga siku alizooga. Sahani nilimwekea juu ya stuli mlangoni, naye aliirudisha imeliwa robo, imefunikwa vizuri, kwa sababu adabu hakuipoteza. Ofisi ilimtafuta mwezi mmoja, kisha ikamsahau. Baba yake ana familia nyingine na masikio mazito, na tulishazoeana hivyo. Siku moja nilipomuuliza hasa anaumwa nini, Baba alinijibu akiwa ameutazama ukuta: "Mama, kila asubuhi ni kama navaa nguo zilizolowa. Haziumizi. Ila sina nyingine." Nilikwenda jikoni nikasimama pale muda mrefu bila kushika chochote.

Mdogo wangu, ambaye ana jibu la kila kitu, alisema ni uvivu. Baadaye akasema ni kijicho cha watu. Alipoyamaliza hayo mawili ndipo akasema la maana: kuna mwanamke karibu na posta, mshauri nasaha wa binafsi, na mke wa bosi wake alikwenda pale akiwa hoi akarudi mtu. Nilimpelekea Baba habari hiyo. Akasema hapana kwa upole, kama mtu anayekataa chai. "Nikienda nitamwambia nini, mama?"

Nikapiga simu. Msichana wa mapokezi aliuliza nani anayehitaji ushauri. Nikasema ni mwanangu, lakini hawezi kuja, nitakuja mimi nimsemee. Akanieleza kwa adabu kwamba mtu mzima hasemewi. Mwenye shida ndiye anayekaa kwenye kiti. Kisha nikasema, basi andika jina langu.

Kama hujawahi kwenda kwa mshauri, nikutoe wasiwasi, hakuna cha kutisha. Hakuna kitanda wala koti jeupe. Pale kwetu ni ghorofa ya pili, juu ya duka la vioo vya madirisha, na wakati wote unaongea unasikia chini wanakata kioo. Chumba cha kungojea kina viti vitatu vilivyopangwa visitazamane, ili wenye matatizo wasijuane. Unapewa fomu. Jina, umri, kazi, dawa unazotumia, mtu wa karibu wa kuarifiwa. Hapo nilimwandika Baba na namba yake ya simu, bila kufikiri, kwa sababu fomu zote za maisha yangu nimemwandika yeye. Ukiingia ndani unakuta viti viwili vya kitambaa na meza ndogo. Boksi la karatasi za kufutia machozi limewekwa upande wako, si upande wake. Saa imetundikwa ukutani nyuma ya kichwa chako, aitazame yeye bila wewe kumwona. Hilo nililigundua upesi. Hakimu wetu naye ana yake hivyo hivyo.

Mshauri mwenyewe ni binti wa miaka thelathini na kitu, nywele fupi, sauti ya chini. Aliniamkia shikamoo, kisha akaniambia kwamba mle ndani hakuna mkubwa wala mdogo. Nikajisemea moyoni, sasa shikamoo ilikuwa ya nini. Akanisomea masharti. Nitakayosema hayatatoka nje ya chumba kile, isipokuwa akiona uhai wangu uko hatarini. Hapo atamtafuta mtu niliyemwandika. Nikatia sahihi. Maneno ya namna hiyo nimeyasoma mahakamani mara elfu, na mtu aliyeyasoma mara elfu hayasikii tena.

"Haya, mama," alisema. "Umekuja na nini leo?"

"Kila asubuhi ni kama navaa nguo zilizolowa," nikasema. "Haziumizi. Ila sina nyingine."

Aliacha kuandika, akaniangalia. "Umeeleza vizuri sana," alisema. Niliona fahari, nakiri, kama mzazi anayeambiwa shuleni kwamba mwanawe ameongoza darasa.

Nilimwambia nimeacha kwenda kazini, ingawa fomu ilisema ninakwenda. Akaliona, akauliza, nikasema nakwenda kwa mwili tu. Uongo mmoja ulizaa mwingine na sikuwa na aibu. Shida ilikuja alipoanza kuuliza nisiyoyajua. Nikilala naota nini? Mara ya mwisho kucheka ilikuwa lini, na nani alikuwepo? Kabla ya siku ile ya kwanza kulikuwa na siku nyingine zilizofanana nayo? Nilianza kumumunya maneno. Yeye akadhani naona uchungu. "Usijilazimishe," alisema. "Nenda nayo nyumbani. Lakini usijihoji kama polisi. Kaa chini, jiulize polepole, na jibu likichelewa, lingoje."

Basi nikaenda nayo nyumbani.

Saa kumi jioni, nikitoka mahakamani, nilivuta kigoda nikakaa kwenye mlango wa chumba cha nyuma. Nilikuwa na daftari langu la kazini mfukoni mwa sketi. Nilimuuliza Baba mara ya mwisho kucheka ilikuwa lini. Alikaa kimya, nami kwa mara ya kwanza tangu nimzae sikumjazia jibu, kwa kuwa mshauri alisema nilingoje. Nilihesabu mabati ya paa la jirani, nikayamaliza, nikayaanza upya. Ndipo akasema ilikuwa ofisini, wakati mzee mmoja alipokataa ramani ya kiwanja chake kwa sababu mwembe wake haukuchorwa. Akaeleza yote, mzee alivyofoka, mkuu wa ofisi alivyouchora mti kwa mkono wake ili kumtuliza. Alieleza kwa sauti iliyokufa, lakini alieleza. Nilipofika jikoni niliandika kila neno.

Ndivyo tulivyokwenda. Mshauri aliuliza Jumatano, mimi niliuliza jioni zilizofuata, na Jumatano nyingine nikapeleka majibu. Mshauri akisema jaribu kukaa nje dakika kumi, mimi nilimwambia Baba nimesikia redioni kwamba jua la jioni ni zuri kwa mifupa. Alitoka. Alikaa kwenye ngazi ya nyuma amejifunika shuka, macho ameyabana kwa mwanga, dakika kumi barabara, na mimi nilijifanya natafuta vibanio vya nguo ili nisilie mbele yake. Wiki ya pili alinyoa ndevu. Alipokuwa akinijibu zamani aliutazama ukuta. Sasa aligeuka, baadaye akakaa kitako, mgongo kwenye mto. Alinieleza mambo ambayo mama haambiwi. Kwamba akiwa na miaka kumi na tano aliwahi kukaa siku nne hivi hivi na mimi nikadhani ni malaria. Kwamba anayachukia magoti yake. Kwamba watu wakiongea wengi kwa pamoja anasikia kama wanaongea wakiwa chumba cha pili.

"Siku hizi una maswali mazuri, mama," aliniambia jioni moja.

"Ni umri," nikamjibu.

Akacheka kidogo. Hilo nalo nililiandika.

Jumatano ya tatu mshauri aliweka kalamu chini. Aliniuliza kama nimewahi kuwaza kwamba afadhali nisingekuwepo, au kuumaliza uhai wangu. Aliuliza wazi, bila kupindisha, na mashine ya kioo chini ilikuwa inalia vile vile. Nikasema nitamjibu wiki ijayo. Akasema swali hili halingoji wiki.

"Basi hapana," nikasema. Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yangu ya kazi kutoa jibu ambalo shahidi hakulitoa. Mshauri akaishika tena kalamu. Akaniandikia namba yake ya simu kwenye karatasi, akasema nipige saa yoyote.

Jioni ile kigoda kilikuwa kigumu. Nilianza na hali ya hewa, nikaenda kwenye bei ya sukari, nikarudi kwenye hali ya hewa. Baba akaniambia, "Uliza tu, mama." Nikauliza. Nilitumia maneno yale yale ya mshauri, maana yangu yalinikimbia.

Alijikunja akayakumbatia magoti yake. Mahali fulani mtu alikuwa anapiga zulia fimbo.

"Kila siku," alisema. "Halafu namfikiria atakayenikuta, naahirisha."

Atakayemkuta ni mimi. Nyumba ile ina watu wawili. Nilitaka kumshika lakini nilibaki nimeganda pale pale, kwa sababu sikupewa maagizo ya nini cha kufanya baada ya jibu kama lile. Nilisema, "Asante kwa kuniambia," kama mshauri anavyosema. Naye akasema, "Asante kwa kuuliza." Alionekana ametua mzigo. Alikula sahani nzima.

Asubuhi nilimwita mdogo wangu aje kunisaidia kufua mapazia, nikamwambia asitoke uani kwa lolote lile. Mapazia yenyewe yalikuwa safi. Kisha nikaenda posta nikakaa juu ya ngazi kabla msichana wa mapokezi hajafungua mlango. Nilikwenda nimeazimia kusema ukweli wote, naapa. Lakini nilipokaa kwenye kile kiti niliogopa. Akijua si mimi atafunga faili, nami sikuwa na mlango mwingine wa kugonga. Aliponiuliza imekuwaje nimekuja siku isiyo yangu, nilifungua mdomo na sauti ya Baba ikatoka.

"Kila siku," nikasema. "Halafu namfikiria atakayenikuta, naahirisha."

Hakuandika. Aliuliza nani yupo nyumbani na mimi, nikasema mwanangu. Aliuliza kama nimepanga namna, nikasema hapana, na hapo nilisema kweli kwa upande wangu, na kwa upande wa Baba nilikuwa nabahatisha. Akaniletea maji kwenye glasi, akasema, "Nisubiri kidogo, mama," akatoka. Nilimsikia akiongea kwa simu pale mapokezi kwa ile sauti yake ya chini. Sikushtuka. Nilidhani anaahirisha mtu wa saa tatu.

Aliporudi alivuta kiti chake karibu na changu. "Nimempigia mwanao," alisema. "Tulikubaliana hivyo siku ya kwanza. Anakuja."

"Anakuja?"

"Amesema anakuja sasa hivi."

Hapo ndipo ningesema. Najua. Nimeipitia dakika hiyo mara nyingi na kila mara nakuta nafasi ya kutosha kabisa ya kusema. Lakini nitakuambia nilichohisi, na unihukumu utakavyo: nilihisi furaha. Baba anakuja. Baba, ambaye kwa miezi kumi na moja hakuvuka geti, amevaa suruali na anatembea barabarani mchana kweupe. Nilimwona akipita kwa fundi viatu, akipita shule, akivuka pale penye mashimo. Nilikaa na glasi yangu ya maji nikimsindikiza hatua kwa hatua, na mshauri akadhani nimetulia kwa sababu nimesema lililonikaa rohoni. Mdogo wangu alinieleza baadaye kwamba Baba alipita uani akikimbia, viatu mkononi, akamuuliza kwenda posta siku hizi watu wanapitia wapi.

Aliingia jasho linamtiririka, shati amelivaa ndani nje. Alikuwa mwembamba kuliko nilivyodhani. Chumbani nilimwona akiwa ndani ya shuka tu. Hakumsalimia mshauri. Alikuja moja kwa moja akachuchumaa mbele yangu, akaishika mikono yangu yote miwili.

"Mama," alisema. "Unawaza hivyo na mimi nimelala tu mle ndani?"

Nikaibana mikono yake.

"Kila siku unanikalia pale mlangoni unaniuliza mimi, kumbe wewe ndiye," alisema. "Sikukuuliza hata mara moja. Nisamehe. Nitakaa na wewe. Nitapika mimi. Asubuhi nitakusindikiza kazini, jioni nitakuja kukuchukua, sikuachi peke yako." Macho yake yalikuwa macho ya yule kijana aliyekuwa anarudi na ramani chini ya kwapa. Alikuwa amezinduka. Mimi mgonjwa, yeye mzima. Ilikuwa rahisi namna ile. Nikaamua papo hapo kwamba nitakuwa mgonjwa hadi nife. Nitakuwa mgonjwa vizuri, nitanywa dawa zao zote, kama hilo ndilo litakalomfanya avae viatu kila asubuhi. Sijawahi kutaka kitu maishani kama nilivyotaka ule uongo usimame.

Mshauri alimvutia kiti cha tatu. Hana kosa, alifanya kazi yake, na aliifanya vizuri. Alimshukuru kwa kuja upesi. Akasema ni muhimu mtu wa nyumbani ajue mama anapitia nini, ili aweze kuziona dalili. Akaniomba ruhusa, nami nikaitikia kwa kichwa kwa sababu sikuwa nasikiliza, nilikuwa natazama mkono wa Baba juu ya wangu. Akafungua faili.

"Mama ameniambia kila asubuhi ni kama anavaa nguo zilizolowa," alisoma. "Haziumizi, ila hana nyingine. Ameniambia watu wakiongea wengi anasikia kama wako chumba cha pili. Umewahi kuona hali hiyo nyumbani?"

Mkono wa Baba haukuondoka mara moja. Ulibaki pale, ila uliacha kunishika. Mshauri akageuza ukurasa, akasoma habari za mzee na mwembe. Akasoma habari za magoti. Baba akarudisha mkono wake mapajani mwake, akautazama.

"Hayo ni yangu," alisema.

Mshauri akanitazama mimi. Nikasema yote, kwa kifupi, kama anayesomewa shtaka akakubali. Chini walikuwa wanakata kioo kirefu, hakiishi. Yule binti aliweka mkono mdomoni, na kwa mara ya kwanza nikaona jinsi alivyo mdogo.

"Kwa hiyo ulipokuwa unaniuliza pale mlangoni," Baba alisema, "alikuwa anauliza yeye."

"Ndiyo, Baba."

"Na nikikaa kimya ulikuwa unangoja kwa sababu alikwambia ungoje."

"Ndiyo."

"Na ile 'asante kwa kuniambia'?"

Hakuwa na hasira. Ningempa chochote akasirike, avunje ile glasi, anitukane mbele ya watu. Alikuwa anapanga mambo kichwani, kama anayepima kiwanja upya akakuta mpaka hauko pale alipodhani.

Mshauri alijikaza. Aliniomba nitoke, akamwambia Baba kwamba kiti kile ni chake sasa, kwamba anaweza kuanza anapotaka, hata kwa kukaa kimya. Nilisimama mlangoni. Baba alimjibu kwa upole wote wa malezi yangu. "Asante, dada," alisema. "Ameshasema yote. Na amesema vizuri kuliko mimi." Akainuka, akashuka ngazi. Nilimfuata nyuma hadi nyumbani, hatua kumi kati yetu, na hakugeuka wala hakukaza mwendo.

Mshauri hakutuacha. Mchana ule ule alituandikia barua ya hospitali, akapiga simu mwenyewe, akatukuta kwenye geti la hospitali. Baba alikubali kwenda bila ubishi. Daktari alimuuliza maswali yote yale niliyokuwa nikiyabeba kwenye daftari, na mwanangu akajibu ameketi wima, shati limegeuzwa vizuri. Alikuwa amechoka kidogo. Analala vizuri. Hapana, hajawahi kuwaza hivyo. Mama ana hofu tu, mnajua akina mama. Nilisema anadanganya. Daktari alimgeukia, Baba akatabasamu kwa huruma, na daktari naye akatabasamu. Mtu mzima anayejieleza hivyo hafungiwi wodini. Alipewa siku ya kurudi. Siku hiyo alikwenda, akasema yale yale, akapewa siku nyingine ya mbali zaidi.

Sasa ni mwezi wa tatu tangu siku ile. Ukija kwetu utasema amepona. Mdogo wangu anasema hivyo kila Jumapili, na anasema ni yeye aliyemtafutia mtu. Baba anaoga kila siku. Anafagia uwanja, anaosha vyombo, mlango wa chumba chake uko wazi kutwa nzima. Kigoda nilikivuta mara moja, wiki ile ya kwanza, nikakaa, nikamuuliza mimi mwenyewe, bila daftari, amelalaje. Alisema salama, mama. Nikamuuliza anawaza nini. Alisema hakuna, mama, niko sawa. Akaniuliza na mimi nimelalaje. Nikamwomba radhi na akasema yamekwisha, tena akaninyanyua akanishika kiwiko, akakirudisha kigoda mahali pake. Sijapata kutendewa adabu kama ile na mtu yeyote, na nilikwenda kujifungia bafuni.

Visu, dawa, kamba za kuanikia, nimeviondoa. Ameona, na hasemi kitu. Kazini naomba ruhusa hadi wameanza kunitafutia wa kunishikia zamu. Nikiwa kizimbani na mshtakiwa anaongea, siku hizi kuna wakati namsikia na neno haliji, hakimu ananitazama, ukumbi mzima unaningoja.

Jana mshauri alipiga simu. Hupiga kila wiki, hata malipo hataki kuyasikia. Nadhani naye halali vizuri. Aliuliza habari za nyumbani, nikamwambia Baba yuko jikoni anaosha sahani.

"Anasemaje?" aliuliza.

"Anasema yuko sawa."

"Na wewe, mama, unaonaje? Yuko sawa?"

Nilimsikia Baba akifunga bomba, akifuta meza, akipita ukumbini nyuma yangu. Alinigusa bega kidogo alipopita, kama mtu anayeomba njia.

"Sijui," nikamwambia. "Zile wiki tatu nilikuwa najua."